Kumkata anemoni wa bahari kwenye tangi la nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Dodoma

Ukurasa huu ni wa watu wanaofuga viumbe wa bahari hapa Dodoma na mikoa jirani. Swali linalorudi kuliko yote ni la kumkata anemoni kwa wembe ili apatikane wa pili, wa tatu na wa nne. Palipo na hatari nimejibu kwa kirefu, na pasipo na mengi nimepita haraka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwenye tangi la nyumbani lililo kilomita kama 450 kutoka baharini, usimkate. Mtunze vizuri, na kama ni wa aina inayojigawa, atajigawa mwenyewe.

Kwani anemoni si kama mmea tu? Akikatwa kuna ubaya gani?

Ni mnyama. Ni ndugu wa matumbawe na yavuyavu. Ana mdomo mmoja katikati, na mdomo huohuo ndio unaoingiza chakula na kutoa uchafu. Kuuzunguka kuna minyiri yenye seli za sumu, na chini ana wayo anaoutumia kushika jiwe na kutembea polepole. Hana ubongo, lakini ana mtandao wa neva mwili mzima, ndiyo maana ukimgusa upande mmoja anajikunja wote.

Watu wa Dodoma tumezoea mizabibu: unakata kipando, unachomeka ardhini, baada ya muda kinatoa majani. Mawazo hayo ndiyo tunayoyabeba hadi kwenye tangi. Lakini kipando cha mzabibu hakina tumbo la kuchanika. Anemoni karibu wote ni tumbo, na wembe unapopita katikati yake unafungua kila kilichokuwa ndani.

Kwa hiyo ni uongo kwamba kipande cha anemoni hukua kuwa anemoni mzima?

Si uongo. Abraham Trembley, aliyekuwa akifundisha watoto nyumbani kwa tajiri mmoja Uholanzi, aliwakata haidra, ndugu wadogo wa anemoni wanaoishi maji matamu, katika miaka ya 1740 akaona kila kipande kinajenga mwili mpya. Miaka kama 30 baadaye Padri Dicquemare wa Le Havre, Ufaransa, aliwafanyia hivyo anemoni wa bahari na kuandika alichokiona. Karibu na siku zetu, watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kuwakata anemoni wa aina mbili, Entacmaea quadricolor na Heteractis crispa, nusu kwa nusu na robo kwa robo. Wengi walipona. Waliokatwa nusu walipona zaidi kuliko waliokatwa robo, na Entacmaea walivumilia zaidi kuliko Heteractis.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho kabla hujashika wembe. Hata mikononi mwa wataalamu, wenye wanyama wenye afya na muda wa kuwaangalia kila siku, wapo waliokufa. Na ukiongeza vipande, unaongeza vifo.

Nimeona video mtu anamkata, siku chache baadaye wote wawili wamefunguka vizuri. Kwa nini isiwe hivyo kwangu?

Kwa sababu video inaanza na mnyama aliyechaguliwa. Ni mkubwa, amekaa kwenye tangi hilo muda mrefu, rangi yake imeiva, mdomo wake umefunga, na maji yanajulikana kwa vipimo. Aliyekufa siku ya nne harekodiwi, na kama amerekodiwa hawekwi hadharani.

Anemoni wengi wanaofika Dodoma hali yao si hiyo. Ametolewa baharini au kwa muuzaji, amewekwa kwenye mfuko wa plastiki, amesafiri kutwa nzima. Hata kwa treni ya SGR, iliyoanza kufika hapa mwaka 2024 na kupunguza sana saa za njiani, bado amebadilishiwa maji, mwanga na joto kwa siku moja. Mnyama wa namna hiyo anahitaji miezi ya kujijenga. Kumkata akiwa kwenye hali hiyo ni kummaliza.

Ni aina zipi zinazojigawa zenyewe, na zipi hazifai kabisa kuguswa?

Anayejigawa kwa urahisi zaidi ni Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake mara nyingi huvimba kama balbu ndogo. Hata yeye ana tabia mbili: wanaoishi maji ya kina kifupi huwa wadogo na hujigawa hadi kutanda mwamba mzima, na wanaoishi chini zaidi huwa wakubwa na hukaa mmoja mmoja. Kwa hiyo wako anaweza kukaa miaka asijigawe, na hilo si ugonjwa.

Heteractis magnifica naye hujigawa katika baadhi ya sehemu baharini, lakini kwenye tangi ni mgumu kumweka hai hata akiwa mzima. Heteractis crispa na Heteractis aurora waache. Wale wa jamii ya Stichodactyla, walio bapa na wapana kama zulia, usiwaguse kwa wembe kamwe: wana uso mpana sana na tishu nyingi, na kidonda chao kikioza, tangi zima linaoza nacho.

Ukiwa hujui wako ni wa aina gani, hapo jibu ni moja tu. Acha.

Ni nini hasa kinachoharibika mtu anapokata?

Nieleze hatua kwa hatua, maana hapa ndipo watu wanapodanganyika.

Wembe ukishapita mdomoni hadi kwenye wayo, kila nusu inajikunja na kutoa ute mwingi. Kwenye ukingo wa jeraha utaona nyuzi nyeupe zinaning'inia. Hizo ni sehemu za ndani za tumbo, zinazomeng'enya chakula, na zenyewe zina seli za sumu. Kama mambo yanakwenda vizuri, kingo mbili za jeraha zinajiviringisha na kushikana ndani ya siku chache, na mdomo unajiunda upya taratibu. Kwa wiki hizo zote kipande hakili sawasawa. Kinaishi kwa akiba yake na kwa sukari inayotengenezwa na mwani wa hadubini ulio ndani ya ngozi yake kwa msaada wa mwanga.

Mambo yakienda vibaya, dalili ya kwanza ni ndogo. Ukingo wa jeraha unakuwa na rangi ya kijivu na kulegea, badala ya kujikunja ndani. Kesho yake kipande kinashindwa kushika jiwe na kusukumwa na mkondo wa pampu. Mdomo unabaki wazi, na kutoka humo kinatoka kitu cha kahawia chenye nyuzinyuzi: huo ni mwani wake anaoutema. Siku ya tatu au ya nne ukimnyanyua anakatika mkononi, na harufu yake ni ya yai viza. Bakteria wameshamla kutoka kwenye jeraha kwenda ndani.

Kipande kisicho na sehemu ya mdomo ndicho kinachokufa mara nyingi zaidi. Na kipande kisichoweza kushika jiwe hupeperushwa hadi kwenye pampu, kikasagwa, na sumu yake kusambaa tangi zima.

Akifa kipande kimoja, si ninapoteza hicho kimoja tu?

Hapana, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu wanaolipa ni wanyama wengine ambao hawakuguswa. Anemoni ni mfuko wa maji na protini. Anapooza anatoa amonia, na kwenye maji ya bahari, ambayo pH yake ni 8.1 hadi 8.4, sehemu kubwa zaidi ya amonia hiyo inakuwa katika umbo lenye sumu kuliko ilivyo kwenye tangi la sato au kambale. Tangi dogo la lita 100 au 150 halina pa kuificha. Mtu analala samaki wakiwa wanaogelea, anaamka wako juu ya maji wanahema.

Ndiyo maana hata anayeng'ang'ania kukata hapaswi kufanya hivyo ndani ya tangi lenye viumbe wengine. Lakini nikisema hivyo watu huandaa ndoo na kudhani wamemaliza kazi. Ndoo ya lita 20 isiyo na kichujio kilichokomaa, yaani chenye bakteria wazuri wa kushughulikia amonia, inachafuka haraka kuliko tangi.

Kuna ugumu gani wa pekee wa Dodoma? Mbona wa Dar wanafanya?

Upo, na ni mwingi.

Kwanza maji. Maji yetu mengi yanatoka visima vya Makutupora, na kila mwenye birika anajua ukoko mweupe unaobaki ndani yake. Ni maji magumu yenye chumvichumvi, ila chumvi hiyo siyo ya baharini. Ukichanganya chumvi ya akwariamu kwenye maji hayo unapata mchanganyiko ambao refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi, itaonyesha uko sawa, gramu 35 kwa lita, kumbe uwiano wa madini umepinda. Anemoni mzima anaweza kuvumilia kiasi. Mwenye jeraha hana nguvu hiyo. Tumia maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayoondoa karibu madini yote kwenye maji, na klorini iwe imetoka kabisa.

Pili ukavu. Hewa ya huku, hasa Agosti hadi Novemba, inanyonya maji ya tangi lililo wazi kwa kasi inayomshangaza mtu aliyehamia kutoka Pwani. Maji yanapungua, chumvi inabaki, kwa hiyo ukali wake unapanda. Kinachorudishwa ni maji matamu yaliyochujwa, kila siku kidogo kidogo. Anayengoja hadi Jumamosi ajaze ndoo nzima kwa mara moja anamrusha mnyama kutoka chumvi kali hadi chumvi pungufu ndani ya dakika chache, na tishu zilizokatwa hupasuka tena.

Tatu joto na baridi. Anemoni hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Mchana wa Oktoba Dodoma unapita 30, na usiku wa Julai unaweza kushuka hadi karibu 13. Chumba chenye bati lisilo na dari kinafuata hali hiyo ya nje. Bila hita na bila feni ya kupoza, tangi linapanda na kushuka kila siku. Mwenye tangi la Dar es Salaam anapambana na joto tu.

Nne mwinuko. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko Pwani. Oksijeni inayoyeyuka kwenye maji inapungua kwa kiasi hichohicho. Maji ya chumvi na ya moto tayari yanabeba oksijeni kidogo. Ongeza hapo kidonda kinachooza, ambacho bakteria wake wanakula oksijeni, na akiba inakwisha usiku mmoja.

Tano umeme. Ukikatika saa nne usiku na kurudi alfajiri, pampu zimelala muda wote huo. Kwa tangi lenye afya ni usumbufu. Kwa tangi lenye vipande vya anemoni vinavyotoa ute, ni msiba. Pampu ya hewa ya betri iwepo na iwe imejaribiwa, siyo iliyo kwenye boksi kabatini.

Na la sita halina uhusiano na hali ya hewa: ukikosea huku, huna pa kukimbilia. Aliye Kigamboni au Msasani anaweza kupata maji safi ya bahari siku hiyohiyo. Wewe unategemea chumvi iliyobaki kwenye mfuko.

Vipi nikimtibu kwa cipro kutoka duka la dawa?

Wapo wanaofanya hivyo duniani, wakiweka dawa ya ciprofloxacin kwenye tangi la pembeni. Mimi siungi mkono kuitumia ili tu kukata kuwe rahisi. Ni dawa ya binadamu. Unaipima kwa kukisia, unamwaga maji yake nje ya nyumba, na bakteria waliobaki humo wanajifunza kuishi nayo. Juu ya hayo, dawa ikiingia kwenye tangi kuu inaweza kuua bakteria wazuri wanaoshughulikia amonia. Mnyama unayehitaji kumpangia antibiotiki kabla hujamkata, umeshajijibu kwamba hastahili kukatwa.

Dawa zenye shaba, zile za kutibu madoa meupe ya samaki, ndizo mbaya kuliko zote. Shaba inaua anemoni, na hubaki kwenye mawe na mchanga muda mrefu.

Je, mimi mwenyewe niko hatarini?

Ndiyo. Kila mnyiri una maelfu ya seli ndogo zenye mshale uliojikunja, na kila mshale una sumu. Vidole vina ngozi nene kwa hiyo wengi wanasikia kunata tu. Ngozi ya ndani ya mkono, uso na macho ni habari nyingine, na anemoni anapokatwa hurusha maji yenye ute na seli hizo. Vaa glavu ndefu na miwani ya kukinga macho hata unapomhamisha tu, na watoto wakae mbali.

Akikuchoma, suuza kwa maji ya chumvi, usitumie ya bomba, kwa sababu maji matamu yanaweza kuzifyatua seli zilizobaki. Toa mabaki kwa kibano, usisugue. Halafu tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua. Ukianza kuvimba uso au kupumua kwa shida, nenda hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kuona kama itatulia.

Kuna jingine linalokuja polepole. Bakteria aitwaye Mycobacterium marinum huishi kwenye matangi ya samaki na kuingia kupitia mchubuko mdogo. Wiki kadhaa baadaye unaona uvimbe mdogo mgumu kwenye kidole au mkono, hauumi sana, wala haupoi. Daktari asiyejua una tangi atakuandikia dawa za jipu. Mwambie mapema kwamba unafuga viumbe wa maji. Matibabu yake ni ya miezi, siyo ya siku tano.

Nikate zoanthidi badala yake? Naambiwa ni rahisi zaidi.

Ni rahisi kukua, na ni hatari zaidi kwako. Zoanthidi ni hao wanaofanana na maua madogo yaliyosongamana juu ya jiwe. Baadhi yao, hasa wa jamii ya Palythoa, wana palitoksini, moja ya sumu kali kuliko zote zinazotokana na viumbe. Ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka Palythoa wa Hawaii. Marekani na Uingereza familia nzima zimewahi kulazwa kwa kuvuta mvuke wake, baada ya mtu mmoja kuchemsha au kusugua jiwe lililokuwa na viumbe hao.

Kwa hiyo hapa naomba sana: jiwe la tangi lisichemshwe jikoni, hata kama lengo ni kulisafisha. Lisimwagiwe maji ya moto. Lisisuguliwe likiwa kavu. Nyumba zetu nyingi jiko liko karibu na wanapolala watoto.

Kuna anemoni wadogo wa kahawia wamejaa kwenye mawe. Sikuwanunua. Niwakwangue?

Hao karibu kila mara ni Aiptasia, na kuwakwangua ndiyo njia ya kuwaongeza. Kipande kidogo cha wayo kinachobaki kwenye jiwe hukua kuwa mzima. Wanachoma matumbawe na kunyang'anya chakula. Uduvi wa jamii ya Lysmata huwala, na wapo wanaowadunga chokaa nzito mdomoni kwa sindano, mmoja mmoja, pampu zikiwa zimezimwa.

Wafugaji wengi waliojaribu kumkata anemoni wao mzuri wakashindwa, ni hawahawa waliobaki nao. Jeraha linachafua maji, uchafu unalisha Aiptasia.

Samaki anayeishi ndani ya anemoni atadhurika?

Atasumbuka. Pwani yetu ina Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, wote wanaishi ndani ya anemoni na kumlinda kwa ukali. Ukimkata mwenyeji wao watarudi kwenye kipande chenye jeraha, watajisugua humo, watakivuta. Jeraha haliponi. Na kuwatenga maana yake ni kuwakimbiza kwa wavu tangi zima, jambo ambalo nalo ni mateso. Samaki hawa wanaweza kuishi kwenye tangi bila anemoni, hilo watu hawaambiwi dukani.

Nataka kufanya biashara. Nikimkata wakapatikana wanne nikauza watatu, si nimerudisha mtaji?

Hesabu hiyo inaacha nje taa, chumvi, mashine ya maji, vipimo, umeme, na miezi ya kuwalisha hadi wawe wa kuuzika kwa haki. Kipande kilichofunga jeraha wiki mbili zilizopita hakiko tayari kusafiri. Ukimuuzia mtu wa Singida au Iringa, akafa njiani au wiki ya kwanza, umemuuzia mgonjwa ukijua.

Lingine ni kwamba vipande vyote ni mnyama yuleyule kwa urithi. Kama babu yao hawezi joto la nyuzi 29, hakuna hata mmoja wa wajukuu atakayeliweza. Joto lililopausha matumbawe ya Mafia na pwani nyingine za Bahari ya Hindi mwaka 1998 liliacha waliosalia kwa sababu hawakuwa sawa wote. Tangi la ndugu pacha halina bahati hiyo.

Anayetaka biashara ya kudumu aanze na Entacmaea mmoja mwenye afya, amwache ajigawe, auze watoto waliokomaa. Ni polepole, lakini mnunuzi atarudi.

Basi nikachukue wangu baharini nisiwategemee wauzaji?

Usichukue kiholela. Hifadhi za bahari, yakiwemo maeneo tengefu ya Mbudya na Bongoyo karibu na Dar es Salaam na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, zinalindwa na Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, na uvuvi kwa jumla uko chini ya Sheria Na. 22 ya mwaka 2003. Zanzibar wana sheria zao. Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko hapa hapa Mtumba, kwa hiyo mtu wa Dodoma hana udhuru wa kutokwenda kuuliza kabla ya safari. Matumbawe magumu yamo pia kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Orodha ya Pili, kwa hiyo jiwe lenye tumbawe hai ni suala zito zaidi ukitaka kulivusha mpaka.

Anemoni wamezidi. Niwarudishe baharini siku nikienda Dar?

Hapana. Wamekaa na maji, dawa, samaki na bakteria kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Samaki chale wa jamii ya Pterois, ambaye asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana pwani ya Florida mwaka 1985, na anayeshukiwa zaidi ni mfugaji aliyemwachia. Leo ametapakaa Karibiani na anawamaliza samaki wa kule. Bahari haina mlango wa kumrudisha mtu alichomwaga.

Bwawa la Hombolo au Mtera usifikirie kabisa. Maji matamu yatamuua kwa mateso.

Wangu ameanza kurefuka na kujikata katikati. Anakufa?

Huenda anajigawa, na ni jambo zuri kuliangalia. Wayo unashika jiwe kwa pande mbili na kila upande unatembea ulikoelekea. Katikati anakuwa mwembamba, mdomo unarefuka hadi kuwa mstari. Kuna saa utaona anafanana na namba 8. Kisha ile sehemu nyembamba inaachia. Inaweza kuchukua saa chache au siku kadhaa. Tofauti na wembe ni kwamba yeye anachana pale ambapo tishu zimekwisha kujitayarisha, na wakati wote huo kila upande umeshika jiwe.

Usimsaidie kwa mkono. Usimlishe hadi midomo yote miwili ifunge. Funika njia za pampu kwa sponji, maana sasa una wawili wanaoweza kutembea usiku. Kama maji yamebadilika ghafla siku hizo, pima: wengine hujigawa kwa kushtuka, na hapo kujigawa ni dalili kwamba kitu hakiko sawa.

Nimeshakata tayari, jana. Nifanyeje?

Usitupe na usikate tena. Weka vipande mahali penye mkondo mpole, ndani ya chombo chenye matundu ndani ya mfumo wenye kichujio kilichokomaa, siyo ndoo. Punguza mwanga kiasi kwa siku za mwanzo. Weka mkaa wa kuchuja kwa ajili ya sumu. Pima amonia asubuhi na jioni. Ikionekana yoyote, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji yenye joto na chumvi sawasawa na ya tangi. Usimlishe hadi mdomo ujifunge na minyiri ianze kunata.

Kipande kinachogeuka kijivu, kinachonuka na kuachia jiwe kitoe mara moja, hata kama roho inakuuma. Ukingoja kuona kama kitapona unahatarisha waliobaki. Maji unayotoa usimwagie mchicha wala mzabibu: ndoo ya lita 20 ina gramu kama 700 za chumvi, na udongo wetu mvua haiuoshi miezi mingi.

Anemoni huishi muda gani? Nisije nikamngoja ajigawe hadi nizeeke.

Huishi muda mrefu kuliko tangi nyingi. Mwaka 1828 John Graham Dalyell wa Uskoti alimchukua anemoni wa aina ya Actinia equina ufukweni North Berwick akamweka kwenye chombo cha kioo. Watu wakampa jina Granny. Alipitia mikono ya watunzaji kadhaa, alizaa mamia ya watoto, akafa mwaka 1887, miaka 59 baadaye, baada ya Dalyell mwenyewe kufariki mwaka 1851. Hakuwa na pampu wala taa ya umeme. Alikuwa na mtu wa kumbadilishia maji ya bahari bila kukosa.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kungoja.

Amejigawa, nataka kumpa mmoja mwenzangu wa mtaa wa Kisasa. Nimpelekeje?

Subiri angalau miezi miwili baada ya kujigawa. Siku mbili kabla ya kumhamisha usimlishe, ili asitapike ndani ya mfuko. Usimbandue kwa kisu. Mtoe na jiwe lake, au elekeza mkondo wa pampu kwenye wayo hadi aachie mwenyewe. Mfuko uwe na maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ndani ya boksi la kuhifadhia ubaridi, na msafiri asubuhi kabla jua halijapanda. Bajaji inatosha.

Mwenzako awe ameshapima maji yake na kukuonyesha: chumvi gramu 35 kwa lita, joto 25 au 26, amonia sifuri, na tangi lisilopungua miezi sita. Kama halijafika umri huo, mtunzie wake kwako mpaka lifike.